The Sound of Music: uzoefu wangu na albamu ya nyimbo za filamu

Filamu yenyewe niliiona nikiwa mtoto, lakini nyimbo zake sikuwahi kuzisikiliza kwa utulivu mpaka nilipopewa kwaya ya watoto kigangoni kwetu. CD ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kuchoma: wimbo wa nne unakwaruza, wa kumi haumo kabisa. Nikaachana nayo, nikalipia mtandaoni albamu halali, ile iliyotolewa na RCA Victor mwaka 1965. Tangu siku hiyo sidhani kama wiki imepita bila kuisikiliza.

Nianze na "Do-Re-Mi", maana ndio ulionipeleka huko. Sisi watu wa kwaya tumekulia kwenye sol-fa, zile d r m za chaki ubaoni, urithi wa Mwingereza John Curwen tulioletewa na wamisionari. Nilidhani wimbo huu ni wa kuchangamshia watoto tu. Siku moja nikakaa na kalamu nikauandika nota kwa nota. Kumbe kila mstari unaanzia kwenye nota ile ile unayoitaja: wa do unaanza na do, wa re na re, hivyo hivyo hadi ti. Ukifika kwenye sol, sauti inashuka ghafla mpaka do, kisha inapanda ngazi moja moja hadi la. Mtego uko kwenye mstari wa la: l, r, m, fe, s, l, t. Hiyo fe, yaani fa iliyopandishwa nusu sauti, watoto wangu waliiimba fa ya kawaida wiki tatu mfululizo. Nikawawekea Julie Andrews, mwigizaji mkuu wa filamu, kwenye spika, kipande hicho tu, mara nne, mara tano. Binti mmoja wa sauti ya kwanza akaipata, akageuka kumtazama mwenzake, na mwenzake naye akaidaka. Nilisimama pale na chaki mkononi, machozi yananilengalenga.

Tena huyu mama Andrews anatamka! Watoto ambao Kiingereza chao bado ni cha darasani waliandika mistari mizima kwa kusikia tu, na walikosea maneno machache mno.

Kuna jambo nililojua baadaye sana: sauti ya Kapteni, yule baba wa watoto kwenye filamu, si ya Christopher Plummer aliyemwigiza. Anayeimba ni Bill Lee, na midomo tu ndiyo ya Plummer. Hata Mama Mkuu wa watawa, aliyeigizwa na Peggy Wood, ameimbiwa na Margery McKay. Halijanipunguzia raha hata kidogo. "Edelweiss" bado unanikaa kifuani. Wengi huudhani wimbo wa jadi wa Austria, kumbe ni wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, uliotungwa kwa ajili ya tamthilia ya Broadway ya mwaka 1959. Ndio wimbo wa mwisho aliouandika Hammerstein. Alifariki mwaka uliofuata. Ndiyo maana filamu ilipohitaji nyimbo mbili mpya, "I Have Confidence" na "Something Good", Rodgers alitunga muziki na maneno peke yake. Huo wa pili usikilize usiku, taa zimezimwa. Hauna makeke hata chembe, na kwangu mimi unaupita "Climb Ev'ry Mountain" pamoja na ukubwa wake wote.

Kasoro ipo. Mpangilio wa albamu haufuati filamu: "Do-Re-Mi" umewekwa nyuma ya "The Lonely Goatherd", na "Climb Ev'ry Mountain" umetangulizwa mapema mno, kwa hiyo anayetaka kukumbuka kisa kwa mfululizo atapotea. Muziki wa ala unaopita chini ya maongezi nao haumo kwa sehemu kubwa. Toleo kubwa la Craft Recordings la mwaka 2023 limeziba pengo hilo, na humo ndimo nilimosikia Plummer akiimba kwa sauti yake mwenyewe. Ni nyembamba, inasitasita, ila ni ya baba kweli. Kama unataka nyimbo za kuimba tu nyumbani au shuleni, la 1965 linakutosha. Kama wewe ni mtu wa kupekua muziki, jipinde ulipate hilo kubwa.

Sisi Jumapili baada ya misa tunaanza sauti ya pili ya "Edelweiss", mapigo matatu, polepole, na yule binti wa fe ndiye atakayeanzisha.