Katuni za Biblia na watoto wa shule ya Jumapili: uzoefu wangu

Nafundisha shule ya Jumapili, kundi la miaka 6 hadi 10. Kusema kweli, katuni nilizianza kwa uvivu. Somo likiisha mapema nawasha skrini, watoto watulie hadi wazazi watoke ibadani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka siku niliyowawekea The Prince of Egypt ya mwaka 1998.

Tulifika pale kwenye kijiti kinachowaka bila kuteketea. Binti mmoja akanivuta mkono: "Mwalimu, mbona Mungu anaongea kama Musa?" Nikamwambia amesikia vibaya, atulie. Kumbe nilikuwa nimekosea mimi. Katika sauti asilia za Kiingereza, Val Kilmer ndiye Musa na ndiye sauti ya Mungu vilevile. Filamu hiyo nimeitazama sijui mara ngapi na sikio langu halikunasa, la mtoto wa miaka 7 likanasa. Nikasimamisha. Tukabaki kwenye kijiti somo zima: Mungu husema na mtu kwa sauti gani? Mmoja akasema basi Musa alikuwa anajisemea tu. Mwenzake akambishia, labda Mungu aliazima sauti ya Musa ili Musa asikimbie. Nimekaa kwenye mahubiri marefu ambayo hayakufika hapo.

Tangu siku hiyo kila katuni ya dini naipima kwa jambo hilo: Mungu kawekwa wapi, na kaonyeshwa kwa kitu gani hasa?

Kwa kipimo hicho filamu hii ina nguvu kubwa. Usiku wa Pasaka, wazaliwa wa kwanza wa Misri wanapokufa, hakuna malaika mwenye upanga wala mabawa. Kuna mwanga uliopauka, hauna uso, unapita mitaani na kuingia majumbani. Penye damu mlangoni unapita kando. Mtoto anaelewa kabla hujamfafanulia. Panaponikwaza ni kwenye moyo mgumu wa Farao. Kitabu cha Kutoka kinasema yote mawili: Farao aliufanya moyo wake mgumu, na Bwana aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu. Wanatheolojia wamelivuta hilo huku na huku karne nyingi. Filamu imechagua upande. Ramesesi mwenyewe, ndiye Farao wa filamu, katika wimbo wa mapigo, ndiye anayeamua moyo wake uwe mgumu, na chanzo ni ugomvi wa ndugu wawili waliolelewa pamoja. Kama hadithi inauma vizuri. Kama fundisho, imeturukisha swali gumu kuliko yote kwenye kitabu, na mwalimu asiyefungua Biblia hatajua kwamba limerukwa. Haruni naye, aliyekuwa msemaji wa Musa, hapa amebaki mtu wa kulalamika pembeni. Halafu Musa anashuka na mbao za sheria, anawatazama watu wake bondeni, mwisho. Ndama wa dhahabu, sanamu waliyoiabudu Musa akiwa mlimani, hayupo kabisa! Mimi hapo huzima na kuwasomea Kutoka 32, kisha wachore wenyewe kilichokuwa bondeni.

Kwa wadogo zaidi nilihamia VeggieTales, ile ya Bob nyanya na Larry tango iliyoanza mwaka 1993. Watoto wanacheka mpaka wanagaragara. Iko sehemu ya Shadraka, Meshaki na Abednego, wale waliotupwa kwenye tanuru la moto kwa kukataa kuabudu sanamu, ambayo naiheshimu: sanamu ya dhahabu imegeuzwa kuwa sungura mkubwa wa chokoleti. Ni utani, lakini una akili, kwa maana sanamu inayomshika mtoto haitakuwa ya dhahabu, itakuwa kitu kitamu. Tanuru limebaki, na yule wa nne anayeng'aa motoni amebaki pia. Ishara imebadilishwa umbo, maana haikupotea.

Ile ya Daudi na Bathsheba ndiyo iliyonishinda. Bathsheba, mke wa Uria ambaye Daudi alimtwaa kisha akamfanya mumewe auawe vitani, amekuwa bata wa mpira wa kuogea. Naelewa, utawaambia nini watoto wa miaka 5? Lakini ukishaondoa mke na kifo cha mume, kosa la Daudi linabaki kuwa uchoyo wa kuchezea, na dawa yake ni kuwa na adabu. Zaburi ya 51, ile ya toba ya Daudi, haikuandikwa kwa sababu ya bata. Hadithi hiyo ningeiacha hadi wakue, kuliko kuipunguza kiasi hicho. Phil Vischer, mmoja wa waanzilishi wawili wa VeggieTales, alikuja kukiri mwaka 2011 kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto kutenda Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Nilimvulia kofia. Si wengi wanaoweza kusema hivyo juu ya kazi iliyowapa jina.

The Star ya 2017, ile ya punda wa Krismasi: ya kuchekesha, haina madhara. Mtoto atamkumbuka punda.

Sasa ile ninayoirudia kila mwaka, The Miracle Maker ya mwaka 2000, iliyotengenezwa na watu wa Wales na Urusi kwa pamoja. Maisha ya kila siku yanachezwa na vikaragosi vyenye nguo za kitambaa na mikunjo usoni. Lakini Yesu akianza mfano, au mtu akikumbuka, au Shetani akimjaribu jangwani, picha inageuka kuwa ya kuchorwa. Sikuliona kuwa jambo kubwa mpaka nilipogundua kwamba wale walioniuliza kila mara kama Msamaria mwema alikuwa na jina, wameacha kuuliza. Macho yamewafundisha tofauti ya tukio na mfano. Hadithi inamfuata binti Yairo, yule Yesu aliyemfufua, aliyepewa jina Tamari (Injili haimtaji kwa jina, ni vizuri kuwaambia), kwa hiyo anapoinuliwa kitandani watoto wanakuwa wamekaa naye filamu nzima. Na Yesu wake ana mikono ya fundi, anacheka, anachoka. Kwa watoto waliozoea Yesu wa kwenye kalenda, aliyesimama wima hata nywele hazitikisiki, kule kucheka tu ni somo la Mungu kuwa mwanadamu.

Kasoro yake ni mwendo. Ni ya taratibu, na wa miaka 6 huanza kuangalia dari. Gawa mara mbili au tatu.

Walio chini ya umri huo wabaki na mboga kwanza. Na ule usiku wa Pasaka wa Misri usiwaonyeshe jioni. Mimi niliwaonyesha, mzazi mmoja akanipigia simu saa nne usiku kuniuliza nimemwambia nini mwanawe wa kwanza.