Boksi la lita tatu na masufuria yangu

Nianze na hukumu kwa ajili ya anayesoma haya akiwa amesimama mbele ya rafu. Mvinyo huu mwekundu wa boksi ukiunywa mtupu, umejikalia zako kwenye kochi, hauna lolote la kukuambia. Uweke kando ya sahani ya nyama iliyochemka saa mbili na nusu, utabadilika tabia. Nimekaa nao wiki tano na siku kadhaa, nikaunywa na karibu kila kitu ninachojua kupika. Naupa nyota tatu kati ya tano.

Ni Merlot, yaani wa zabibu nyekundu za jina hilo, kilevi asilimia 13.5, mwaka wa mavuno haujatajwa popote. Lita tatu ni sawa na chupa nne za kawaida, nami nililipa bei ya chupa mbili na nusu za daraja hilohilo. Jina la kampuni nimeliacha makusudi. Mengi nitakayosema yanahusu Merlot yoyote ya bei ya chini, na koki ya boksi langu ilivuja usiku wa kwanza, huenda la kwako lisivuje. Niliamka asubuhi nikakuta mvinyo umeteremka ndani ya friji, rafu hadi rafu, mpaka kwenye droo ya mboga. Nusu kabichi niliyokuwa nimeibakiza ilikuwa na madoa ya zambarau kama mtu aliyepigana. Nikaipika hivyohivyo. Tangu siku hiyo boksi linalala chali, koki ikitazama juu, na halijadondosha tone.

Mfuko wa ndani ya boksi si jambo la jana. Thomas Angove, mtengenezaji wa mvinyo wa Australia, aliusajili mwaka 1965, na wakati huo mnywaji alitakiwa kukata kona ya mfuko, kumimina, kisha kuubana kwa kibanio. Koki ilikuja miaka miwili baadaye. Ujanja wake ni mwepesi: kadiri unavyomimina ndivyo mfuko unavyosinyaa, hewa ikakosa pa kuingia, na hewa ndiyo inayouharibu mvinyo uliofunguliwa. Kwa hiyo boksi hudumu wiki nne hadi sita, wakati chupa iliyofunguliwa ikifika siku ya nne au ya tano imeanza kuelekea kwenye siki.

Nilinunua boksi nikidhani naokoa ile bei ya chupa moja na nusu. Kumbe uokoaji mkubwa ulikuwa kwenye sinki. Nyumbani tunakunywa wawili, mimi na mume wangu, na yeye huishia nusu glasi. Chupa ya Jumapili ikifika Alhamisi, theluthi yake ilikuwa inamwagwa. Theluthi hiyo niliilipia miaka mingi bila kuihesabu hata siku moja.

Tahadhari ndogo: plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo hata kabla hujafungua, kwa hiyo geuza boksi utafute tarehe. Mvinyo wa namna hii si wa kuweka kabatini ukisubiri sherehe.

Sasa kuonja. Jioni ya kwanza nilikunywa mtupu. Plamu zilizoiva kupita kiasi, halafu ukakasi unaoshika ufizi, ule wa kung'ata ndizi mbichi. Nikachovya ncha ya kidole kwenye chumvi, nikalamba, nikaonja tena. Ukakasi ulikuwa umerudi nyuma na tunda limesogea mbele. Nikakamulia tone la limau ulimini, nikaonja mara ya tatu, na safari hii mvinyo ukawa laini mno, umepooza kama soda iliyoachwa wazi. Jaribio zima lilichukua dakika mbili, na lingenitosha kujua yote yaliyonipata wiki zilizofuata, kama ningelisikiliza.

Ule ukakasi ni tanini, itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Hushikamana na protini za mate, ndiyo maana ulimi hukauka. Ukileta nyama mezani, tanini hupata protini nyingine za kushika, mafuta hulainisha kinywa, na chumvi hufunika uchungu. Mvinyo wa bei ya chini huwa na kasoro zake waziwazi, basi sahani yenye chumvi na mafuta ya kutosha huzisitiri.

Sahani iliyousitiri vizuri kuliko zote ni mchuzi wa nyama ya ng'ombe sehemu ya muundi, ile ngumu yenye mishipa ambayo watu huipita. Niliikausha kwa karatasi, nikaikaanga vipande vichache vichache hadi ikashika rangi ya kahawia kila upande. Hapa usiwe na haraka. Ukijaza sufuria, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha inayosalimiana na mvinyo mwekundu ni ile ya kahawia. Nikaitoa, nikaweka vitunguu viwili, karoti, kijiko cha nyanya ya kopo. Kisha glasi moja na nusu kutoka kwenye boksi, nikikwangua kwa mwiko yale yaliyogandia chini. Nikaacha ikauke hadi nusu, nyama ikarudi, maji, moto mdogo, saa mbili na nusu.

Nilipopakua mara ya kwanza nilikuwa nimeweka chumvi kwa woga. Mvinyo ulinikwaruza vilevile kama jioni ile. Nikarudi jikoni, nikaongeza chumvi vidole vitatu, nikakoroga, nikapakua upya. Mume wangu akauliza kama nimefungua chupa nyingine.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: kilevi hakiishi chote sufuriani. Kwa takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, baada ya dakika 15 za kuchemka hubaki kama asilimia 40, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki karibu asilimia 5. Nikiwa na mgeni asiyekunywa, kwa dini au kwa afya, mchuzi huu siupiki, wala simwambii kwamba "kimeshaisha motoni".

Maharage yalinishangaza kwa uzuri, ila si ya kuchemsha tu. Niliyapika na soseji ya kuvutwa moshi na jani la bay, lile kavu la kutia harufu, na ule moshi ndio ulioupokea mvinyo. Maharage matupu hayana mafuta ya kuukabili ukakasi. Kuku wa oveni naye alifaa kwa sharti: minofu ya kifuani ilimezwa na mvinyo, lakini mapaja, na uyoga uliokaangwa kwenye mafuta yaliyochuruzika kutoka kwake, yalikwenda nao sawasawa. Nimejifunza kuangalia sosi na mafuta kabla ya kuangalia ni nyama gani.

Tambi za sosi ya nyanya zilikuwa aibu. Nyanya ina asidi nyingi na Merlot hii asidi yake ni ndogo, basi mvinyo ukarudia ulivyofanya na limau, ukapooza. Jibini ya kukunwa juu yake ilisaidia nusu. Kama mezani kwako nyanya hutawala, nunua Barbera au Sangiovese, zabibu za Kiitaliano zenye uchachu wa asili. Hazilazimiki kuwa ghali, na wenyewe wamezinywa na sosi hiyo vizazi na vizazi.

Samaki sijui nilikuwa nafikiria nini. Ilikuwa Jumatano, nimechoka, nikafungua kopo la sadini. Tonge la kwanza na funda la kwanza, nikahisi kama nimelamba msumari uliolowa. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo huamsha ladha mbaya ya shombo yanapokutana na mafuta ya samaki. Nilimaliza sadini kwa maji.

Pilipili kali nayo ni ugomvi. Kilevi huongeza mwako wa pilipili, na tanini huufanya ukae. Ukipenda chakula kikali, tafuta mvinyo mwepesi wenye kilevi kidogo na uupoze, au mwachie mvinyo siku yake na pilipili siku yake.

Neno kupoza linanileta kwenye jambo ambalo ningependa lingechapwa kwa herufi kubwa kwenye kila boksi. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya za zamani, zenye vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Jikoni ambako oveni imewaka tangu saa kumi si chumba hicho. Nilipima mvinyo uliokaa kaunta nikakuta nyuzi 27. Ulinuka kilevi tu. Nikaweka glasi ileile kwenye friji dakika 20, ikatoka na harufu ya tunda. Na ule unaokaa frijini muda wote nao usiunywe mara moja, ukakasi huzidi ukiwa baridi sana. Mimina, osha sahani mbili tatu, rudi.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni mtu wa kusoma lebo. Nilipomwalika kwa ule mchuzi wa muundi niliumimina mvinyo kwenye jagi la kioo, si kwa kumdanganya, ni kwa sababu boksi halikai vizuri mezani. Akanusa, akanitazama.

"Shemeji, huu si wa boksi kweli?"

"Wa boksi. Kula kwanza."

Akala. Akamimina mwenyewe glasi ya pili, kisha ya tatu, huku akinieleza kwa kirefu kwa nini watu wenye akili hawanunui mvinyo wa boksi. Sikumkatiza. Nilipoondoa sahani na kufuta meza, glasi yake ya tatu ilikuwa nusu. Akainywa kidogo, akakunja uso, akaisukuma pembeni na kuomba chai. Hiyo glasi nusu ndiyo tathmini sahihi kuliko yangu, na nyota mbili zilizopungua zimo humo.

Nitanunua tena? Ndiyo, lakini si Merlot. Zamu ijayo natafuta Garnacha ya Hispania, ambayo kwa kawaida ina tanini laini na tunda jingi, au Malbec ya Argentina nikijua wiki itakuwa ya nyama. Nikiwa dukani nasoma jina la zabibu, asilimia ya kilevi na tarehe. Medali za dhahabu zilizobandikwa nazipita. Neno "Reserva" kwenye mvinyo mwekundu wa Hispania lina sheria nyuma yake, kwani lazima uwe umekaa angalau miaka mitatu, mmoja kati yake kwenye pipa. Lakini "Reserve" kwenye chupa ya Marekani halina maana yoyote kisheria. Ni pambo, na pambo unalilipia.

Wiki ya tano mvinyo ulianza kuchoka. Haukuwa siki, ila tunda lilififia na ikabaki harufu ya karanga kavu. Nilikata boksi kwa kisu, nikautoa mfuko, nikaukunja kutoka nyuma kama dawa ya meno, na zikatoka glasi mbili ambazo koki ilikuwa imenificha. Sikuzinywa. Nilizimimina kwenye trei ya barafu, zikatosha vipande kumi, kila kimoja kama vijiko viwili vya chakula. Havigandi vikawa vigumu kama barafu ya maji, vinabonyea kidogo, lakini hutoka. Leo viwili vimeingia kwenye maharage.