Fimbo ya Dola 70 Porini Maine: Tumevua au Tumechapa Hewa?

Habari zenu wadau. Hii hapa mkononi ndiyo ile fimbo ya kuvulia samaki niliyowaonyesha mwezi wa nne ikiwa bado na karatasi zake. Seti nzima dola 70: fimbo, rili ya kukunjia mshipi, mshipi wenyewe na kifuko cha kubebea. Nilisema sitaitolea neno mpaka ilowe maji. Imeshalowa. Imekaa siku nne kwenye hifadhi ya Baxter, kaskazini mwa Maine, jimbo la Marekani, imeangukia mawe, imekanyagwa na mtu wa kilo tisini, na bado nzima. Jina la kampuni nimeliziba kwa tepu. Seti za bei hii zipo chungu nzima na zinafanana kama mapacha, kwa hiyo nitakayosema hapa yachukue kwa aina nzima.

Kwa mgeni wa chaneli: mimi mtoto wa Kigoma, nimekulia mwaloni. Kwetu uvuvi ni wavu, karabai na usiku wa giza. Sasa naishi Lewiston, na huku kuna samaki mmoja kanishika akili. Ni trauti wa vijito. Ukifika dukani Maine usijisumbue kutafsiri, sema "bruk trauti", watakuelewa. Baadhi ya maji anakoishi yanaruhusu uvuvi wa nzi bandia tu: ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Huna minyoo, huna chambo hai. Na usije na rili ya kutupia ya kawaida ukasema utaning'iniza nzi pale mbele. Huku sheria inataka uzito wa mshipi ndio upeleke nzi.

Hapo ndipo wengi tunapigwa bei, kwa sababu hatuelewi tunanunua nini. Sogea karibu na kamera uone. Hapa juu ya mshikio pameandikwa futi 9, namba 5, vipande vinne. Hiyo 5 si urefu wala nguvu ya samaki, ni uzito wa mshipi. Futi 30 za mwanzo za mshipi wa namba 5 zina kama gramu 9. Nzi mwenyewe hana uzito wowote, ukimtupa kwa mkono anakurudia usoni. Kinachosafiri ni mshipi, nzi anaburutwa tu kama mtoto anayeshikilia kanga ya mama yake sokoni.

Kwa hiyo fimbo ya dola 70 inatosha? Inatosha. Mshikio ni wa koki, ile ya vizibo vya chupa, na vijishimo vyake vimezibwa kwa unga na gundi, baada ya siku mbili gundi imeanza kutoka, tazama hapa. Ubaya wa sura tu. Pete za kupitishia mshipi zote zimekaa. Kiungio cha tatu kililegea, ncha ikaruka majini pamoja na mshipi, tukaivuta. Dawa yake ni mshumaa: paka nta kidogo kwenye kiungio, kaza kwa kuzungusha robo, basi. Rili ni ya plastiki, breki yake inakwaruza kama baiskeli ya Mwanga kule Kigoma, lakini kwa samaki wa inchi tisa rili ni pipa la kuhifadhia mshipi tu. Samaki unamvuta kwa mkono.

Ubaya wenyewe ni mshipi uliokuja nayo. Ona unavyojikunja. Nauvuta, nauachia, unarudi kuwa springi. Mshipi wa hivi huwezi kuulaza kwenye maji kimya kimya, unatua kama tambi zilizomwagwa. Siku ya kwanza nilitumia huu, jioni nikabadilisha na mwingine wa dola 35 niliokuwa nao kwenye begi, na fimbo ile ile ikawa fimbo nyingine. Kama una dola 105, usinunue seti ya dola 105. Nunua ya 70 na mshipi wa 35.

Kurusha sasa. Nilikwenda na jamaa wawili. Mmoja ni Mkongomani wa Uvira, yaani mimi na yeye tumekunywa maji ya ziwa moja kutoka pande mbili. Aliponiona nafanya mazoezi pale kambini akaniambia, "Ndugu, hiyo ni kuvua ama ni kuchapa hewa?" Na kweli nilikuwa nachapa. Kosa la kila mtu ni haraka. Ukirudisha fimbo nyuma, isimamishe, mshipi uachiwe unyooke nyuma yako kwanza. Mimi natamka moyoni Ki-go-ma, silabi tatu, ndipo napeleka mbele. Yeye akawa anasema U-vi-ra. Ukikatisha kwenye Ki-go, nzi anakuja kukukaa shingoni, na mimi alinikaa kwenye kola ya jaketi. Kabla hujaanza kurusha, kile kijino cha ndoano kibane kwa koleo kilale. Samaki anatoka bila kuchanika, na sikio lako pia.

Kwa nini Baxter? Kwa sababu ya mfuko wangu. Percival Baxter alikuwa gavana wa Maine kuanzia 1921 hadi 1925. Alitaka jimbo linunue mlima Katahdin na misitu yake, bunge likakataa, basi akanunua kwa fedha zake mwenyewe, kipande kwa kipande, kuanzia zawadi ya kwanza ya 1931 mpaka 1962, akawaachia wananchi kwa sharti pabaki pori. Leo ni zaidi ya ekari 200,000. Hakuna umeme, hakuna bafu, hakuna duka, maji ya kunywa unachemsha au unachuja mwenyewe, na mbwa wako umuache nyumbani. Gari lenye namba za Maine linaingia bure. Kutoka Lewiston hadi Millinocket, mji wa karibu na hifadhi, ni masaa matatu hivi, halafu unaingia barabara ya vumbi ambayo mwisho wa mwendo ni maili 20 kwa saa. Simu inakufa. Mwambieni mama watoto mapema, asije akaita polisi.

Tulilala kwenye vibanda vya mbao vyenye kuta tatu, upande wa mbele wazi. Kuna watakaoniambia niende kwenye kambi za uvuvi za Quebec au Labrador, kule Kanada, wanakokupeleka kwa ndege ndogo inayotua majini. Samaki wa kule ni wakubwa kweli, sibishani. Hata rekodi ya dunia, ratili 14 na nusu, ilitoka mto Nipigon kule Ontario zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini safari ile kwa mshahara wa ghala ni kuota. Sisi watatu, ukiacha fimbo, kila mtu alitumia kama dola 120. Leseni yangu ya mkazi niliikata kwa dola 25 na ada ya wakala juu yake. Anayetoka jimbo lingine zipo za siku moja, siku tatu, wiki. Zilizobaki ni kambi, mafuta, chakula na mtumbwi.

Na mtumbwi ndio siri yenyewe. Pale Daicey na Kidney, mabwawa mawili ya nzi tu, unakodi kwa mlinzi wa hifadhi kwa fedha ndogo. Ukingoni miti imebanana, huna pa kurushia nyuma, utatumia siku nzima kuokota nzi wako kwenye misonobari. Ukiwa katikati ya bwawa hata mwanafunzi anavua. Ila jaketi la kuokolea livaliwe, si likaliwe. Maji ya mwezi wa sita huku ni baridi ya kukata pumzi, na najua wengi wetu tunajisifia ziwa lakini kuogelea hatujui. Jamaa yangu wa tatu ni mtu wa Dodoma, nadhani mmenielewa.

Sasa kifaa nilichokipenda kuliko vyote: hiki. Kipimajoto, dola 9, kimefungwa kamba ya kiatu. Huyu samaki anataka maji baridi. Yakipita nyuzi 20 hivi anachoka, anaacha kula, anakimbilia kwenye chemchemi za chini na vilindini. Watu wanakuja Agosti, likizo za watoto, na fimbo ya dola 800, hawapati kitu, wanalaumu nzi. Siku ya pili mchana niliteremsha hiki juu juu kikasoma 19. Tukaweka fimbo chini, tukapika, tukalala. Jioni upepo ukatulia, jua huku mwezi wa sita linazama saa mbili usiku na ushee, na kuanzia saa moja hivi wadudu wakaanza kupanda kutoka chini ya maji. Bwawa lote likawa linachemka vijiduara.

Nikaweka nzi wa kahawia, mdogo kama punje ya mpunga. Ki-go-ma. Akatua. Sekunde mbili, tatu, ikasikika sauti ndogo tu, kama mtu anaonja chai ya moto.

Picha hii hapa, tulieni nayo kidogo. Mgongoni ana michoro kama njia za mchwa kwenye ubao. Ubavuni madoa mekundu, kila doa limezungushiwa buluu. Tumbo linaelekea rangi ya papai. Na angalia mapezi ya chini: yana pindo jeupe, na kando ya pindo mstari mweusi, kama kanga. Kwa kitaalamu si trauti hasa, ni wa jamii ya chari wa maji ya baridi kali, jina tu ndilo limeganda. Inchi tisa. Kigoma ningemrudisha kwa aibu, mgebuka wa shilingi elfu moja anamzidi. Hapa nilipiga kelele mpaka ndege wa bwawani wakanijibu. Tulikula wawili kwa ugali, wengine tukawaachia. Kila bwawa lina idadi na vipimo vyake, kitabu cha sheria ni bure, kisome kabla.

Visubi, karibu nisahau. Ndiyo, visubi, jamaa wa wale wa kwetu wanaoleta upofu. Wa Maine hawana ugonjwa huo, ila wanakula nyama. Kuanzia katikati ya Mei mpaka karibu mwisho wa Juni wapo, na bahati mbaya ndio msimu mzuri wa samaki. Chandarua cha kichwa dola 6. Vaa nguo ya rangi nyepesi, suruali ingiza kwenye soksi. Dawa ya kupaka usiiguse kwa mkono unaoshika mshipi, inaula.

Kuhusu nzi: usinunue boksi la nzi mia. Kumi na mbili wanatosha, wa kahawia wadogo na wawili watatu warefu wa mfano wa kisamaki. Hao warefu ndio urithi wa Maine. Mwaka 1924, Carrie Stevens, mwanamke wa huku Maine, alifunga wa kwake bila hata koleo la mezani la kushikia ndoano, akaenda nao bwawa la Upper Dam akatoka na trauti wa vijito wa zaidi ya kilo tatu. Nzi wake maarufu, Gray Ghost, bado anauzwa kila duka la huku kwa dola mbili tatu.

Fimbo nabaki nayo. Rili nitabadilisha siku ikifa. Na kwa anayetaka Juni ijayo: Baxter wanafungua nafasi za kambi miezi minne kabla ya tarehe yako, kwa hiyo wa katikati ya Juni unakaa macho katikati ya Februari, theluji ikiwa magotini. Mimi nimeshaweka alamu.