Risasi za Kuwindia Dubu Mweusi: Ipi Ununue kwa Bunduki ya Kaliba Kubwa

Ukiingia dukani kuulizia risasi za dubu, mara nyingi utaelekezwa kwenye sanduku lenye tarakimu kubwa kuliko yote na kuambiwa kwamba nguvu ndiyo kila kitu. Sikubaliani na ushauri huo. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini huanguka upesi pale kichwa cha risasi kilichoundwa vizuri kinapopita mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata kigezo hicho: risasi inachanua vipi, inapenya kiasi gani, na je, bega lako linaivumilia.

Nawaandikia hasa wenzetu wa Maine, wale wa Lewiston na Portland, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ni wengi sasa. Jimbo hilo ni miongoni mwa yenye dubu weusi wengi zaidi Marekani, na msimu wa kuwinda kwa chambo huanza mwishoni mwa Agosti. Aliye Idaho au Montana naye atapata lake, maana kule mambo ni tofauti kidogo.

Mnyama mwenyewe

Dume mzima wa kawaida ana kilo 60 hadi 140. Wapo wanaopita kilo 200, lakini hao si wa kila siku, na jike ni mdogo zaidi. Kwa uzito, pofu dume wa mbuga zetu anamzidi mara kadhaa. Ugumu wa dubu uko kwenye kile alichojifunika: manyoya marefu, ngozi legevu inayocheza juu ya nyama, na tabaka la mafuta linaloongezeka kadiri anavyojiandaa kwa majira ya baridi. Mafuta yanaziba tundu dogo na manyoya yananyonya damu. Dubu aliyepigwa juu ya ubavu, risasi ikabaki ndani, anaweza kukimbia mbali bila kudondosha tone unaloweza kuliona, na pale Maine kimbilio lake ni msitu wa misonobari uliosongamana, saa za magharibi, giza likiingia.

Ndiyo maana nasisitiza matundu mawili. Ukiwa juu ya dungu unapiga kwa kushuka, kwa hiyo tundu la kutokea linakuwa chini ya kifua, na damu inatoka kwa wingi hata kama lile la kuingilia limezibwa na mafuta. Manyoya pia yanadanganya macho. Yananing'inia chini ya tumbo, kwa hiyo mwindaji anayekadiria katikati ya kivuli anachokiona anajikuta hajui kifua halisi kinaishia wapi. Risasi inayopenya vizuri inakupa nafasi zaidi dubu akiwa amesimama kimshazari.

Kichwa cha risasi kimeundwaje

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopita haraka.

Aina ya kwanza, ya bei nafuu, ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba bila kuunganishwa nalo. Core-Lokt ya Remington, iliyoanza mwaka 1939, ni ya ukoo huo, na imeua dubu wengi kwelikweli. Udhaifu wake hujitokeza ikienda kasi sana au ikikuta mfupa kwa karibu. Ukichinja unaweza kukuta koti limekunjuka tupu chini ya ngozi, kiini kikiwa kimemegeka vipandevipande ndani ya nyama.

Aina ya pili, kiini kimeunganishwa na koti kiwandani visiachane. Fusion ya Federal, AccuBond ya Nosler na A-Frame ya Swift ziko humu. Kichwa cha namna hii ukikiokota unakikuta kizima: pua imekunjuka kurudi nyuma, upana umeongezeka karibu mara mbili, kitako bado kinang'aa. Jirani yake ni Partition, ambayo John Nosler aliileta sokoni mwaka 1948. Ina ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na nusu ya nyuma iendelee kusukuma.

Tatu ni shaba tupu, isiyo na kiini. Barnes ndio waliotangulia, na leo viwanda karibu vyote vinayo. Haimegeki, inapenya sana, na nyama haibaki na vumbi la madini ya risasi. Kama utawinda California huna chaguo: tangu Julai 2019 risasi zenye madini hayo haziruhusiwi kabisa kwa uwindaji, kwa sababu zilikuwa zinawaua tai wakubwa aina ya kondo wanaokula mabaki ya wanyama.

Nne ni kichwa kigumu cha kumimina, chenye pua bapa, kisichochanua. Nitaeleza chini kwa nini nimekiweka nyuma.

1. .45-70, greni 300, kiini kilichounganishwa

Kwa msitu mnene na dungu lililo karibu na chambo, hii ndiyo ya kwanza kwangu. Kaliba yenyewe ni ya jeshi la Marekani la mwaka 1873, na bado inatengenezewa bunduki mpya za wenzo (unasukuma mkono wa chini ili kuingiza risasi inayofuata), Marlin na Henry zikiwa mbele. Kichwa cha greni 300 ni takribani gramu 19. Kikiwa Fusion au HammerDown, zote za Federal, kinachanua mapema na hakimegeki, na kwa dubu aliyesimama ubavu ni nadra sana kisitokee upande wa pili. Bunduki inasukuma bega, lakini ni msukumo ambao mtu wa kawaida anauzoea.

Anayetaka shaba tupu kwa bunduki hiyohiyo achukue TSX ya Barnes ya greni 300 yenye pua bapa. Ubora wake ni uleule, bei iko juu kidogo.

Mwenzake wa karibu ni FTX ya Hornady, greni 325, inayotoka mtutuni kwa takribani mita 625 kwa sekunde kwa vipimo vya kiwanda. Ncha yake ni ya mpira laini, na hilo lina sababu. Bunduki nyingi za wenzo zina magazini ya bomba, risasi zimelala moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki (kiwashio cha kitakoni) ya ile. Pua ngumu iliyochongoka inaweza kulipua risasi iliyo mbele yake ndani ya bomba bunduki inaporuka. Kwa hiyo usiweke kamwe risasi ya ncha ngumu katika bunduki ya namna hiyo; tumia pua bapa au hii ya ncha laini. FTX inaenda mbali vizuri zaidi kuliko zote za .45-70 nilizotaja: ukiielekeza juu sentimita 7 au 8 kwa yadi 100, kwa yadi 200 imeshuka kama 10 tu chini ya shabaha. Nimeiweka ya pili katika kaliba hii kwa sababu kiini chake hakijaunganishwa, na kwa karibu inachanua haraka kuliko ninavyopenda.

2. .35 Whelen, greni 225 au 250

Kwa wawindaji wa majimbo ya magharibi, wanaokaa kilimani na darubini na kumpiga dubu ng'ambo ya bonde, naipandisha juu ya .45-70 bila kusita. Ni ganda la kaliba maarufu ya .30-06 lililopanuliwa shingo, wazo la mwaka 1922 lililobeba jina la Kanali Townsend Whelen, na Remington waliliingiza rasmi kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1980. Partition ya greni 225 au 250 inafika mita 250 ikiwa na nguvu ya kutosha kuvunja bega na kuendelea. Tatizo ni upatikanaji. Maduka madogo yanaweka sanduku moja au mawili, mara nyingi ya greni 200 tu, kwa hiyo agiza miezi kabla ya msimu.

3. .35 Remington, greni 200

Nampa nafasi hii mzee huyu wa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa moyo wote. Kwenye karatasi anaonekana dhaifu: takribani mita 630 kwa sekunde, na baada ya mita 150 amechoka. Lakini dubu wa chambo hupigwa kwa mita 30, 40, labda 80. Kwa kasi hiyo ya wastani, Core-Lokt ya kawaida haimegeki ovyo, inachanua taratibu na kupita. Bunduki zake, hasa Marlin 336 zilizotumika, ni nyepesi na hazitishi bega. Mama au kijana anayeanza kuwinda, au mtu mwenye bega lililoumia, atapiga vizuri zaidi kwa hii kuliko kwa tarakimu kubwa zinazomfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Ukiikuta bunduki dukani, hakikisha kwanza risasi zake zipo, kwa kuwa viwanda huzitoa kwa vipindi.

4. .450 Bushmaster, greni 250

Umaarufu wake umetokana na sheria za kulungu. Kusini mwa Michigan, kwa mfano, mwindaji wa kulungu mwenye bunduki ya mtutu wenye mifuo (mikato ya ndani inayozungusha risasi) amekuwa akibanwa kwenye kaliba zenye ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Wengi wakishainunua kwa kulungu wanaipeleka kaskazini kwa dubu. Inafanya kazi hadi mita 150 hivi. Kichwa cha greni 250 ni kifupi kwa upana wake, kwa hiyo subiri dubu ageuke ubavu. Usilazimishe kwenye mfupa wa bega. Kama tayari unayo, usinunue bunduki nyingine.

5. .444 Marlin, greni 265

Kaliba ya mwaka 1964. Ilianza na kichwa cha greni 240 kilichofaa zaidi bastola, kikawa kinapasuka kwa kasi ya bunduki ndefu. Tafuta greni 265, uache 240. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, ila risasi zake ni adimu.

6. .45-70, greni 405, pua laini

Inatoka kwa mita 405 kwa sekunde tu. Kwenye chambo cha mita 40 ni tulivu, inapenya na haiharibu nyama. Ukiielekeza kwa yadi 100, kwa yadi 200 inashuka zaidi ya nusu mita, kwa hiyo usiitoe nje ya msitu. Kwa bunduki ya zamani sana, hii ndiyo chaguo salama, kama nitakavyoeleza.

7. Greni 400 na zaidi, ngumu, ya kumimina

Zinauzwa kwa jina la ulinzi dhidi ya dubu, na kwa dubu mkubwa wa kahawia wa Alaska anayekujia mbio zina maana. Kwa dubu mweusi anayekula donati zilizolala kwenye pipa la chambo, zinapita kifuani bila kuchanua na kuacha njia nyembamba kuliko risasi laini. Msukumo wake begani ni mkali kiasi cha kumfundisha mtu kuogopa bunduki yake. Usizinunue kwa kazi hii.

Wengine wataniuliza kuhusu .375 H&H, maana nyumbani Afrika ndilo jina linalojulikana; ilitoka kwa Holland & Holland wa London mwaka 1912, na nchi kadhaa zimeiweka kuwa kiwango cha chini kwa nyati na tembo. Kama unayo kabatini, itumie na kichwa laini cha greni 270 au 300. Kununua bunduki hiyo kwa ajili ya dubu mweusi ni kulipa pesa nyingi kwa nguvu usiyoihitaji.

Kabla ya kulipa

Soma ubavu wa sanduku. Kaliba lazima ilingane herufi kwa herufi na iliyochongwa kwenye mtutu; .35 Remington na .35 Whelen si ndugu wa kubadilishana. Kwa .45-70 kuna hatari ya ziada. Bunduki za zamani za Springfield aina ya Trapdoor zilitengenezwa kwa shinikizo dogo la baruti nyeusi, na sanduku lenye maandishi ya nguvu zaidi, linalosema ni kwa bunduki za kisasa tu, linaweza kuipasua usoni pako. Kama bunduki ni ya urithi au umeinunua mnadani, ipeleke kwa fundi wa bunduki kwanza.

Sheria nayo isikupite. Mwenye ukaazi wa kudumu Marekani ananunua kama raia. Mwenye viza ya muda anabanwa na sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni hai ya uwindaji.

Sanduku la risasi 20 za .45-70 mara nyingi hupita dola 40, na ubahili humjia mtu hapo: ananunua moja, anapiga tatu kuweka darubini sawa, nyingine anazihifadhi. Nunua mawili yenye namba ileile ya toleo, kwa sababu hata jina lilelile la kiwanda hubadilika kidogo toleo hadi toleo. La kwanza lote limalize uwanjani, na usipigie mezani pekee. Kaa kwenye kiti kama utakavyokaa dunguni, umevaa koti lako la baridi, mita 50, piga tatu. Zikitua zote ndani ya sahani ya kikombe cha chai, hiyo ndiyo risasi yako. Zisipotua, jaribu greni nyepesi zaidi kabla hujafikiria kubadilisha bunduki.