Bukta kwanza, jezi baadaye: nguo za baiskeli zinazostahili pesa yako

Mtu akiniuliza anunue jezi gani ya baiskeli, humrudishia swali: bukta unayo? Jezi ndiyo inayoonekana kwenye picha, ndiyo yenye jina kubwa, na ndiyo watengenezaji wanayoipigia debe kuliko kitu kingine chochote. Lakini ukitoka Nairobi alfajiri kuelekea Magadi, ukafika Olorgesailie jua limeshakaza, kitakachoamua kama utarudi umekaa au umesimama juu ya pedali ni ile pedi iliyoshonwa ndani ya bukta.

Hili nalijua kwa ngozi yangu. Bukta yangu ya kwanza ilikuwa na sponji moja nene, imezungushiwa mshono ukingoni kote. Dukani niliibonyeza kwa kidole nikausifu ulaini wake. Baada ya saa tatu sponji ililowa jasho, na ule mshono ukawa unasugua paja kwa ndani kila mguu ulipozunguka. Nilipanda kurudi Corner Baridi nimesimama, na wiki nzima sikuigusa baiskeli.

Basi kabla ya majina, mwili. Chukua tepu ya fundi cherehani upime kifua, kiuno na nyonga, kisha ulinganishe na jedwali la kampuni yenyewe, kwa sababu saizi ya kati ya Italia si ya kati ya Uingereza. Ukiijaribu nguo, usisimame wima kama anayejaribu suti. Inama kama umeshika usukani. Ukiwa wima, kanda za bukta zinazopita mabegani zitakuvuta kidogo na jezi itaonekana fupi kwa mbele, ni sawa. Ukishainama, kila kitu kitulie mahali pake. Kitambaa kikijikunja tumboni, jezi ni kubwa. Na bukta ya pedi haivaliwi juu ya chupi. Wanaoanza wengi hawaambiwi hili, halafu wanalaumu kiti cha baiskeli.

1. Castelli (Italia)

Hawa nawaweka juu kwa kuwa bukta na jezi zao zote mbili zina akili. Pedi yao ya Progetto X2 ina tabaka mbili zilizotenganishwa: ile inayogusa ngozi ni kitambaa laini kisicho na mshono, na sponji imewekwa nyuma yake. Ukiigeuza bukta ndani nje na kupitisha kiganja, mkono haukwami popote. Nikikumbuka ule mshono wangu wa Magadi, hilo peke yake linatosha kunifungua pochi.

Tangazo lao bora zaidi lilikuja bila kupangwa. Machi 2013, kwenye mbio za Milano–Sanremo, theluji ilianguka hadi waendeshaji wakapakiwa kwenye mabasi kuvushwa mlima wa Turchino. Wenye Gabba, koti la Castelli la mikono mifupi linalobana kama jezi lakini linazuia upepo na mvua, walistahimili. Hata waendeshaji wa timu zenye mikataba na kampuni nyingine walijinunulia, wakaificha nembo ya nge ya Castelli. Mtu anayelipwa kuvaa nguo ya mwingine akitoa pesa zake kununua yako, unahitaji tangazo gani tena? Kwa manyunyu ya Limuru mwezi wa Julai, Gabba inafaa kweli. Kwa Mombasa usiifikirie.

Onyo moja: zinabana. Ongeza saizi moja juu ya ile unayovaa kawaida, mbili kama kifua kimejaa.

2. Assos (Uswisi)

Ningeulizwa bukta peke yake, ningeanza na Assos. Kampuni ilianza 1976, na hadi leo pedi ndiyo fahari yake. Kwenye bukta zao nyingi, pande za pedi zimeachwa bila kushonwa, hivyo pedi husogea pamoja na mwili badala ya kuvutana na kitambaa. Mkato wa Mille GT una nafasi kidogo na unafaa safari ndefu. Equipe RS ni wa mbio na unabana. Bei ndiyo inayowashusha: bukta ya mbio inavuka pauni 200 kwa urahisi, kabla ya usafiri na ushuru. Jezi zao hazinigusi.

3. Van Rysel (Ufaransa)

Hii ni chapa ya Decathlon ya baiskeli za barabarani. Rysel inatokana na Rijsel, jina la mji wa Lille kwa Kiflemi. Nembo ndogo, rangi tulivu, na bukta nzuri kwa bei ambayo Assos hawakuuzii hata nusu yake. Kwa muda mrefu watu waliiona ni nguo ya anayejifunza. Tangu 2024, timu ya Tour de France yenye jina la Decathlon ikaanza kupanda baiskeli za Van Rysel, na dharau zikapungua. Kwa mwenye pesa ya seti moja tu, ushauri wangu ni huu hapa. Mimi mwenyewe huwaelekeza vijana huku.

4. Santini (Italia)

Kiwanda cha Bergamo, tangu 1965. Ndio wanaoshona jezi za vinara wa Tour tangu 2022, kwa hiyo jezi ya kijani ya kinara wa pointi aliyoitwaa Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024, Mwafrika wa kwanza kuipata, ilitoka kwao. Hata ya upinde wa mvua, ya bingwa wa dunia, aliyovikwa Tadej Pogačar kule Kigali, Septemba 2025, ni kazi yao. Mkato wa wastani, rangi za kuchangamka, na hawapigi kelele nyingi.

5. Rapha (Uingereza)

Wataalamu wa kujinadi. Simon Mottram aliianzisha London mwaka 2004, jina akalichukua kwa timu ya zamani iliyofadhiliwa na kinywaji cha St. Raphaël. Walichouza ni hisia: picha za rangi nyeusi na nyeupe, mlima, ukungu, uso wa mtu aliyechoka, na maduka ambayo pia ni mikahawa ya kahawa. Jezi yenyewe ilikuwa ya rangi moja na ukanda mweupe mkononi. Ikapendeza, nami naipenda hadi leo. Mwendeshaji Chris Froome, aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour za 2013, 2015 na 2016 timu yake ikivaa Rapha. Mwaka uliofuata wajukuu wa mwanzilishi wa Walmart wakainunua kampuni kwa takriban pauni milioni 200. Jezi zao za Classic hukaa vizuri kwa mwenye tumbo kidogo, na nguo ikichanika wana huduma ya kuitengeneza bure. Tatizo ni kwamba unalipia hadithi pia, na hadithi haipunguzi msuguano. Ukiitaka Rapha, nunua nguo zao za Core, nafuu na bila madoido.

MAAP ya Melbourne na Pas Normal ya Copenhagen zina mitindo mizuri sana. Zinunue bukta yako ikishakuwa nzuri.

Kina dada, hakikisheni pedi ni ya kike kweli, si ile ile iliyobadilishwa rangi, na muangalie kanda zinafunguka vipi, maana kuvua jezi nzima ili kwenda haja kando ya barabara ni mateso. Anayependa stara avae kaptura pana juu ya bukta, haipunguzi chochote.

Jihadharini pia na seti za timu zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana. Nembo imechapwa vizuri, pedi ni ile ile ya sponji moja.

Na mitumba? Kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, unaweza kupata jezi safi ya Kiitaliano. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, nyoosha mpira wa mifuko ya mgongoni uone kama unarudi, kisha inua kitambaa kwenye mwanga: kikionyesha nyuzi nyeupe zilizokatika, laikra, ule uzi unaovutika, imekufa, iache. Bukta ya mitumba usinunue kabisa. Pedi ikishakalia mtu mwingine maelfu ya kilomita imechukua umbo lake, na hakuna sabuni itakayolitoa.