Paa la mimea juu ya kibanda cha cherehani: uzoefu wangu, Goba

Anayeshona chini ya bati Dar es Salaam ananielewa. Desemba hadi Machi, ikigonga saa saba mchana, feni kazi yake ni kuzungusha joto tu. Kibanda changu cha uani ni mita 3 kwa 2, na badala ya kuweka silingi nikamwita fundi anayejenga mapaa ya mimea. Jina lake nalihifadhi, maana nina sifa na lawama.

Sifa kwanza. Kabla hajataja bei alipanda ngazi, akagongagonga kenchi, akasema hizi hazibebi. Udongo wa kawaida ukiloa, mita moja ya ujazo hupita tani moja na nusu. Ukiutandaza kwa kina cha sentimita 10 juu ya kibanda changu, hiyo ni karibu tani nzima juu ya kichwa cha mteja anayejaribu gauni! Kwa hiyo alichanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa, pumba za mpunga zilizochomwa, mboji na mchanga kidogo, uzito upungue. Hata hivyo kenchi zote ziling'olewa, nguzo mpya zikasimama, na mbao za 2 kwa 6 zilizopakwa dawa ya mchwa zikapangwa karibukaribu chini ya plaiwudi nene. Pesa imeishia hapo, si kwenye maua. Bei inauma: ningeezeka bati jipya la msauzi na chenji ikabaki.

Kuzuia maji alitumia nailoni nzito ya mabwawa ya samaki, kipande kimoja kisicho na kiungo, paa likiwa na mteremko kidogo kuelekea kwenye gata. Akaziba tundu la kutolea maji, akajaza maji, akayaacha yalale mpaka kesho yake. Halikudondoka hata tone. Ndipo yakafuata kokoto ndogo, kitambaa cha kuchuja, na udongo wenyewe. Fundi asiyefanya jaribio hilo msimpe kazi.

Lawama ni mimea. Alileta ukoka wa kapeti, ule wa bustani za hoteli, kwenye udongo mfupi namna ile, juani kutwa. Huku kwetu maji yakikatika tunanunua ya boza. Nani atanyweshea paa? Ukakauka wote, na simu yake ikawa haipokelewi. Nikaenda kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo, nikachukua shubiri ndogo na yale maua ya kutambaa yenye majani manene yanayofunguka jua likiwaka. Kunguru wakaanza kuyang'oa, nikatandika wavu wa kuku mpaka mizizi ikashika.

Sasa mchana nashona bila kulowa jasho, na mvua ya masika inyeshe itakavyo, simu ya mteja naisikia. Ila anayekinga maji ya mvua ajue kwamba gata linatoa maji ya rangi ya chai ya mkandaa, mboji ikiwa bado mpya. Mimi nayatumia kudekia na chooni. Pia miche ya mwarobaini huota yenyewe huko juu. Ing'oeni ikiwa midogo, kabla mizizi haijafika kwenye nailoni.

Kwa ujenzi nampa 5 kati ya 5, kwa bustani 1. Hatimaye amepokea simu, na tumekubaliana aje aezeke choo cha nje. Miche nitanunua mwenyewe.