Kahawa ya vikopo vya barafu kwa mnywaji wa Mbeya

Hii si kahawa ya unga ya kopo. Huchujwa ikiwa nzito, hujazwa kwenye vikopo vya alumini, kisha hugandishwa haraka kwa naitrojeni kimiminika. Cometeer ya Marekani inauza ya namna hii. Harufu inabaki vizuri, na asubuhi huhitaji kinu wala chujio.

Shida ya kwanza ni joto. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Donge la kahawa la gramu 30 likitumbukia bado gumu kwenye mililita 220 za maji hayo, kikombe hushuka hadi karibu nyuzi 70, na baridi ya Juni inamalizia kazi. Kwa hiyo loweka kikopo kikiwa kimefungwa kwenye maji ya moto nusu dakika, hadi ukikitikisa usikie donge linacheza. Pasha na kikombe. Maziwa nayo yawe moto.

Kubwa zaidi ni umeme. Friza inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika na kikopo kikayeyuka, kihamishie kwenye friji na ukinywe ndani ya siku 3. Usikigandishe tena: friza ya nyumbani hugandisha polepole, maji hujitenga na kahawa, ladha inavurugika.

Ofisini penye jenereta, sawa kabisa. Nyumbani, arabika ya Mbozi iliyokaangwa karibuni, gramu 15 kwa mililita 250 za maji ya moto, ikilowekwa dakika 4, inaishinda kwa utamu na haidai friza.